Kipimo cha Archange

Kila saa sita ya mchana, jenereta ya redio ya mji wa Sake, huko Kivu, ilipokohoa na kuwaka, soko lilinyamaza kidogo. Si lote, maana wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hawanyamazi kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini wengine walisogeza redio zao ndogo masikioni wakingoja sauti ya kijana mmoja iliyotangulia kila kitu: "Jambo Sake, jambo Masisi, jambo Walikale. Wenye kutafuta na wenye kutafutwa, mukaribie." Kisha likasikika pigo dogo, na baada ya pigo, kicheko. Siku ile ya kurekodi kijana alijigonga goti mezani, akacheka mwenyewe, na hakuna aliyetaka kuikata sehemu ile. Kijana huyo aliitwa Archange, na mwaka huo wa 2008 alikuwa amekwisha kuzikwa.

Risasi ilimkuta juu ya Fuso, lori la baba yake, karibu na Mushaki. Ilitoka upande gani, kila mtu alikuwa na jibu lake, kwa hiyo jibu halikuwapo. Mkurugenzi wa redio, Papa Mbonigaba, alijaribu kubadilisha ufunguzi wa kipindi wiki moja baada ya mazishi, akisema si vizuri marehemu kusalimia watu. Kesho yake wanawake walimjia mlangoni na vikapu kichwani. Walikuwa wamefunga vyombo tayari kukimbia, kwa sababu hawakumsikia Archange na wakadhani mji umetwaliwa. Mkurugenzi alirudisha salamu ile siku hiyo hiyo, na hakuigusa tena.

Kiti cha Archange kilichukuliwa na dada yake, Kavira, aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo ya kompyuta Butembo. Hakuja kwa sababu ya redio. Alikuja kwa sababu ya kiti. Baba yao, Papa Muhindo, alikuwa na duka Sake na lori la kupeleka sabuni na chumvi hadi Walikale, na mama yao, Mama Kanyere, alikuwa amebaki Butembo, mahali ambapo mawimbi ya redio ile hayafiki. Kwa hiyo kila Jumanne, dakika chache kabla ya saa sita, Mama Kanyere alipiga simu. Kavira aliiweka simu mezani karibu na kipaza sauti, mama akamsikiliza mwanawe akisalimia nchi na kujigonga goti, kisha akakata bila kuaga. Alikuwa ameomba apelekewe sauti ile nyumbani. Kavira aliahidi kuibeba Noeli, akienda kula sikukuu.

Kipindi chenyewe kiliitwa Tafutaneni. Vita ilikuwa imetawanya watu kama kuku waliorushiwa jiwe: mume Kibua, mke Sake, watoto Buleusa kwa shangazi. Simu hazikushika kule ndani. Basi redio ilifungua chumba kidogo huko Kibua, upande wa Walikale, chenye kompyuta, kipaza sauti na betri za jua, na mtu wa kukiangalia aliyeitwa Nzabandora. Mtu alisema maneno yake mbele ya Nzabandora, na sauti ikasafiri kwenye fulashi, kijiti cha kuhifadhia sauti, ndani ya mfuko wa dereva wa Papa Muhindo, hadi Sake ikarushwe hewani. Nakala ilibaki pale iliporekodiwa. Na kulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote: sauti haifutwi mpaka wenyewe waje waseme "tumeonana" au, kama kuna msiba, "tumelia". Hapo Kavira aliifuta kwa mkono wake, mbele yao, wakisikiliza mara ya mwisho.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa Mama Dancille. Alikuwa mkulima wa viazi kutoka vilima vya Masisi, mrefu, mwenye miguu ya kupanda milima, na sasa aliishi chini ya turubai mwisho wa mji pamoja na mtoto wake Cyusa. Mume wake, Ndayambaje, alikuwa amekimbilia upande wa Walikale, na alikuwa ameacha sauti Kibua. Tangu siku ile Kibua ilishambuliwa mara moja, ikatulia, ikashambuliwa tena, na habari za Ndayambaje zikakatika. Mama Dancille aliketi kwenye kiti cha plastiki, akavaa vyombo vya kusikilizia masikioni, juu ya kitambaa chake, na Kavira akamchezea.

"Dancille, ni miye. Niko Kibua, kwa batu ya kanisa. Muguu inaanza kupona. Usirudie ku shamba peke yako. Njia ikifunguka, nitakuya. Ambia Cyusa asisahau mbuzi."

Mbuzi walikuwa wamekwisha kuliwa na wenye bunduki. Lakini kila sauti ilipofika pale, Mama Dancille alijibu kwa unyenyekevu, kana kwamba mume amesimama mlangoni: "Hatasahau." Kisha aliondoa vyombo masikioni, akashukuru, akaenda zake. Hakuwahi kuomba achezewe mara mbili siku moja.

Sasa tusimwonee Kavira. Alikuwa msichana mwenye akili na mwenye haraka, na alichukia ubabaishaji. Redio ilikuwa na kompyuta tatu, kila moja imetoka kwa mfadhili wake, na kila moja ilikuwa na tabia yake. Ukiziuliza swali moja, zinakupa majibu mawili. Iko amri ndogo ambayo mtu huiandika ili mashine imwambie folda fulani imekula nafasi kiasi gani. Mashine mbili, ile ya studio ya Sake na ile ya Kibua, zilijibu kwa kipimo kikubwa, kile cha kilobaiti, kwa sababu waliozitengeneza walikuwa wamezoea hivyo. Ya tatu ilijibu kwa kipimo kidogo, nusu ya kile, kwa sababu kanuni iliyokubaliwa na mataifa inasema hivyo. Folda ilikuwa ile ile, na hesabu moja ilikuwa mara mbili ya nyingine. Ni kama kupima maharagwe kwa kopo kubwa leo na kwa kopo dogo kesho, maharagwe hayajaongezeka.

Kavira alisoma akaelewa. Waliotengeneza mashine zile mbili waliijua kanuni vizuri, lakini waliogopa kuvunja kazi za watu waliozoea kipimo cha zamani. Kwa hiyo waliiacha desturi itawale, wakaweka swichi: neno moja ukiliandika mahali pake, mashine inaacha mazoea yake yote na kufuata kanuni neno kwa neno. Anayetaka kanuni aiombe. Jambo hili lilimuudhi Kavira. Kanuni ni kanuni, alijiambia, kwa nini iombwe kama chumvi kwa jirani? Katika nchi ambayo kila bariera ya barabarani ina sheria yake na kila mwenye bunduki ana kodi yake, alitamani kuona angalau vitu vitatu vikifuata sheria moja. Mtu aliyekulia Kivu miaka ile hawezi kumcheka kwa hilo.

Basi Jumatatu, baada ya kipindi, aliandika neno lile kwenye mashine ya Sake. Akaliweka pia kwenye fulashi pamoja na maelekezo mafupi kwa Nzabandora: ichomeke, itajifanyia yenyewe. Jumanne alfajiri Fuso ya baba yake iliondoka kwenda Kibua na sabuni, chumvi, na fulashi mfukoni mwa dereva. Kavira alikunywa chai yake akiwa ameridhika na nafsi yake.

Alisahau ufagio wa kaka yake.

Zamani, kabla Kavira hajaja, diski ya redio ilijaa mchana wa mapigano na mashine ikakwama. Watu waliokuwa wakingoja kuambiwa njia ipi iko wazi hawakuambiwa chochote. Baada ya siku ile Archange aliandika mistari michache ambayo mashine iliisoma kila ilipowashwa: pima folda ya sauti, ikizidi namba hii, futa ile ya zamani kuliko zote, pima tena, endelea mpaka irudi chini. Namba aliyoiweka ilikuwa kubwa sana, na sauti hazikuwahi kuifikia, kwa sababu watu walipoonana zilifutwa kwa mkono. Ufagio ule ulikuwa umesimama nyuma ya mlango miaka yote bila kufagia kitu. Kavira aliujua, aliwahi kuusoma, na aliusifu kwa ufupi wake. Ila namba ile Archange aliihesabu kwa kopo kubwa.

Jumanne jenereta ilikohoa. Simu ilikuwa mezani, Mama Kanyere yuko kwenye laini. Mashine iliwaka, ikapima sauti kwa kopo dogo, ikaona zimezidi, ikaanza kufuta kutoka mwanzo. Sauti ya zamani kuliko zote katika folda ile ilikuwa salamu ya Archange.

Saa sita ilifika na hewa ikawa tupu. Kavira alibonyeza, akabonyeza tena. Nje, soko lilinyamaza kama kawaida, kisha likaendelea kunyamaza.

"Kavira," simu ilisema kutoka mezani, kwa sauti ndogo. "Leo hasemi?"

Kavira alifungua kipaza sauti, akasoma jina la kipindi mwenyewe kwa sauti iliyokauka, akaweka muziki. Kisha aliitazama folda. Nusu yake haikuwapo. Iliyobaki ilianzia miezi ya karibuni. Zote za nyuma yake, za wale waliokimbia mapigano ya kwanza, za wale waliorekodi wakihema bado, zilikuwa zimekwenda. Ndayambaje hakuwapo. Alipochukua simu, mama yake alikuwa amekwisha kukata.

Alizima swichi ile, akausimamisha ufagio, akajaribu kila alichofundishwa ili kuokota vilivyofutwa. Alipata vipande: nusu ya jina, kikohozi, mtoto anayelia nyuma ya mtu anayesema. Muziki na habari za mchana ule vilikuwa vimekwisha kurekodiwa juu yao. Akaweka kichwa mezani, akalia kwa uchungu wa kumzika kaka yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha akaikumbuka fulashi, na machozi yakakatika yenyewe.

Nakala zote za Walikale zilikuwa kwenye mashine ya Kibua. Mashine ya Kibua ilikuwa na ufagio ule ule, na namba ile ile. Nzabandora akichomeka fulashi, hata nakala hazitabaki, na hapo Mama Dancille hatakuwa na mume hata wa kusikiliza. Dereva alikuwa amekwisha kupita Mushaki. Kavira alikimbia hadi kwa baba yake kutafuta pikipiki. Baba yake alimwonyesha barabara kwa kidevu: bariera ilikuwa imefungwa tangu asubuhi, bunduki zililia nyuma yake, na hakuna pikipiki iliyoruhusiwa. Redio-simu ya parokia ya Kibua ilikuwa imenyang'anywa mwezi ule. Fuso ingelala Masisi na kufika Kibua kesho asubuhi.

Alirudi kwa Papa Mbonigaba, akamweleza yote bila kupunguza. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema na mwoga, na mwaka ule woga ulikuwa na sababu zake. Alifunga mlango wa ofisi.

"Tutasema diski ilikufa," alisema. "Gurupu, hii jenereta, ilituma moto mingi, ikaunguza. Batu batalia, lakini batakubali. Jenereta haina kabila."

"Na Kibua, Papa? Nzabandora yeye atachomeka kesho. Njia ya kumufikia iko moja tu. Anatusikilizaka saa sita tu. Niache niseme ku redio."

"Useme nini? Useme tulifuta sauti ya batu?" Mkurugenzi alishusha sauti zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Zilizofutika ni za nani? Za mapigano ya kwanza. Batu ya vilima ya juu. Zilizobakia ni za nani? Za wengine. Utaeleza soko nzima mambo ya kipimo kikubwa na kipimo kidogo? Batasema: binti ya mufanyabiashara wa Butembo alichagua. Alifuta hawa, akabakisha hawa. Batachoma duka ya baba yako kabla ya mashine kumaliza kuzimika."

Kavira alijua si maneno ya kutisha watoto. Maduka yalikuwa yamechomwa kwa uvumi mdogo kuliko huo. Alirudi nyumbani kwa baba yake, akamweleza na yeye. Papa Muhindo alikuwa akipanga makatoni ya viberiti. Aliendelea kupanga mpaka safu ikaisha.

"Kaka yako alifia juu ya ile Fuso akileta sauti za batu," alisema bila kugeuka. "Duka ni mbao na mabati."

Hakuongeza neno. Jumatano asubuhi Kavira alimwona akimpeleka kwa jirani mama aliyewapikia, kisha akirudi kuutoa dukani mtungi wa mafuta ya taa, polepole, bila kumwambia mtu kwa nini.

Saa sita jenereta ilikohoa. Papa Mbonigaba alisimama mlangoni mwa studio. Angeweza kumzuia. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi ya umeme, kisha akauweka mfukoni. Kavira alifungua kipaza sauti. Hewa ilikuwa tupu pale palipokuwa pa Archange, na aliiacha hivyo kwa muda wa salamu nzima, kwa sababu hakuthubutu kupitisha kitu kingine mahali pale.

"Nzabandora wa Kibua," alisema. "Nzabandora, ni Kavira. Fulashi yenye dereva amekuletea leo, usiichomeke. Ninarudilia: usiichomeke. Kama umekwisha kuichomeka, usiwashe mashine tena. Ikate umeme, uache vile." Akameza mate. "Wengine wenye munanisikiliza, munisamehe, nitawaeleza. Sauti mingi zenye mulituachia hapa Sake zimefutika. Si vita ilizifuta. Si umeme. Ni miye. Niliamuru mashine ihesabu kwa namna ingine, namna ya sheria, na nilisahau kama Archange aliifundisha kuhesabu kwa namna yake. Mashine ikazani imejaa, ikatupa zenye zilitangulia. Haikuchagua muntu. Haijue muntu. Hata ya kaka yangu ilifutika, njo ya kwanza. Muko munaniuliza tangu jana ju ya nini hasalimie. Njo sababu."

Alitaja majina ya wenye sauti zilizopotea, wote aliowakumbuka, polepole, na hakuna aliyemkatisha.

Kavira na mkurugenzi walipotoka nje, uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na kelele, na kulikuwa na mawe mikononi. Mtu mmoja alipiga kelele yale yale aliyoyatabiri mkurugenzi: "Mulichagua!" Wengine waliitikia. Kavira alisimama kwenye ngazi, akamwona Mama Dancille akipita katikati ya watu kwa hatua zake ndefu. Watu walimpisha, maana wote walimjua na kiti chake cha plastiki. Alifika mbele ya Kavira, akamtazama.

"Na yangu?" aliuliza.

"Hapa haiko tena, Mama. Iko Kibua, kama Nzabandora alisikia. Kama hakusikia, haiko fasi yoyote."

Mama Dancille alifumba macho. Wale wa nyuma walingoja apige. Mkono wake uliinuka kweli, ukabaki hewani, kisha ukashuka ukashika ukingo wa ngazi, akaketi pale pale kwenye saruji.

"Nitangojea," alisema, na aligeukia watu. "Miye pia ni wa vilima ya juu. Kama alichagua, alianzia na ndugu yake? Muketi ao muende."

Hawakuketi wote, na jiwe moja lilivunja kioo cha ofisi. Lakini duka la Papa Muhindo halikuchomwa. Siku zilizofuata Mama Dancille alikuja kila asubuhi na kuketi kwenye ngazi ile, bila kuongea na Kavira, bila kumchukia waziwazi. Alichambua maharagwe kwenye ungo. Kavira alipita karibu naye akiingia na kutoka. Hakuna adhabu ambayo ingemwuma zaidi.

Wakati huo alirekebisha ufagio. Watu wangetegemea aitupe kanuni baharini na kurudia mazoea, na mkurugenzi alimwomba afanye hivyo. Hakukubali. Kosa halikuwa la kanuni, wala la mazoea; Archange alipima bila kutaja kopo, na yeye alibadilisha kopo bila kuuliza nani anapima. Kwa hiyo kila mahali palipopimwa kitu aliandika kipimo chenyewe waziwazi, ili mashine yoyote, ya desturi au ya kanuni, itoe jibu moja. Swichi aliiacha imezimwa, maana sasa haikuhitajika. Na ule mstari wa kufuta aliuondoa kabisa. Diski ikikaribia kujaa, mashine iite mtu.

Bariera ilifunguliwa. Fuso ilirudi imechafuka tope hadi kwenye kioo, na dereva aliteremka akinyoosha mkono kabla ya mguu, fulashi mbili kiganjani: ile ya Kavira, haijaguswa, na nyingine.

Dereva alieleza hapo hapo uwanjani, watu wamemzunguka. Alifika Kibua asubuhi ya Jumatano. Nzabandora alipokea fulashi, akaiweka mezani. Tangu zamani alikuwa na zoea lake, na watu wa Kibua walimtania kwalo: hagusi mashine mpaka Archange asalimie, kama vile mtu asivyogusa chakula kabla ya sala. Jumanne Archange hakusalimia, Nzabandora akakosa amani siku nzima. Jumatano alishika fulashi mkononi, akaketi mbele ya redio, akangoja salamu. Haikuja. Akaendelea kungoja, fulashi ikimtoka jasho kiganjani, na katika kungoja kule ndipo alipomsikia Kavira akimwita kwa jina.

"Nzabandora anasema angeichomeka saa tano," dereva alisema, "kama si ile zoea."

Kavira aliingia ndani, akafunga mlango. Kisha alifungua fulashi ya pili. Sauti zote za Walikale zilikuwamo. Alimwita Mama Dancille, akamvalisha mwenyewe vyombo masikioni.

"Dancille, ni miye," Ndayambaje alisema. Alisema mguu, alisema shamba, alisema njia. Alisema mbuzi.

"Hatasahau," Mama Dancille alijibu. Na kwa mara ya kwanza tangu Kavira amjue, aliomba achezewe tena.

Ilikuwa Jumanne. Saa sita ilikaribia, na simu ililia. Kavira alikuwa amekwisha kumweleza mama yake yote siku zile, kwa maneno machache, na mama yake alikuwa amekata. Hakutegemea apige tena. Aliiweka simu mezani mahali pake kwa sababu hakujua pa kuiweka kwingine. Salamu haikuwamo katika fulashi ya Kibua. Archange aliirekodi hapa Sake, haikusafiri kamwe.

Jenereta ilikohoa. Kavira alifungua kipaza sauti, na hewa ikawa tupu mahali pale. Alikuwa akivuta pumzi aseme neno lolote, wakati Mama Dancille, akiwa bado na vyombo masikioni, aliposogeza kiti chake cha plastiki mbele na kuinama.

"Jambo Sake," alisema. "Jambo Masisi, jambo Walikale. Wenye kutafuta na wenye kutafutwa, mukaribie."

Hakukosea hata pumzi. Alikuwa ameisikia kila siku tangu akae chini ya turubai. Kisha, bila haya yoyote, akainua goti lake la mkulima, akaligonga chini ya meza mpaka vikombe vikalia, na akacheka kile kicheko kidogo. Nje, sokoni, mtu alipiga makofi, na wengine wakacheka na kulia.

Kavira hakuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi, na hakukibonyeza. Alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Mezani simu ilikuwa bado wazi, na mama yake aliyezoea kukata bila kuaga hakukata.

"Kavira," Mama Kanyere alisema kutoka Butembo. "Ni nani huyo mwenye anajigonga goti yake?"

"Ni Mama Dancille, Mama."

"Kesho mwambie agonge tena," mama yake alisema. "Nitapiga."